FIKRA ZA BINGWA WA SATARANJI (4): Kuona kabla ya kuhesabu

Habari za makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, zimerudi magazetini, na kuanzia Ludewa hadi Makambako watu wanauliza makaa yatachimbwa lini. Swali langu ni nani atakaa mezani kujadili mkataba, nalo linanirudisha kwa Adriaan de Groot, mwanasaikolojia Mholanzi aliyechunguza namna mabingwa wa sataranji wanavyofikiri. Katika tasnifu yake ya mwaka 1946 alieleza jinsi mabingwa, akiwamo bingwa wa dunia Alekhine, walivyofikiri kwa sauti mbele ya mchezo wasioujua. Ungetarajia bingwa ahesabu hatua nyingi kuliko wenzake. Wapi! Alizama karibu sawa na mchezaji mzuri wa kawaida, ila hatua mbaya hazikumjia kabisa. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon wakaonyesha chanzo: akitazama mchezo halisi kwa sekunde tano, bingwa huupanga upya kwa kumbukumbu na kumwacha mwanafunzi mbali, lakini kete zikitawanywa ovyo, wanakaribia kulingana. Pwani yetu ina mfano ninaoupenda zaidi, na sioni haya kusema hivyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtaji mmoja waweza kula, kuzunguka na kula tena hadi ubao mzima ugeuke. Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar akaandika tasnifu mwaka 1995. Bingwa hajagusa kete, tayari anajua mtaji utalala wapi na nyumba ya mpinzani itabaki na nini.

Watasema sataranji haimfundishi mtu chochote nje ya sataranji. Huenda. Watafiti Sala na Gobet, walipokusanya tafiti za mashuleni mwaka 2016, walikuta faida ya wastani tu, tena tafiti nyingi zikiwa dhaifu. Hilo linanipa nguvu. Kama umahiri hauhami, basi shahada na werevu wa jumla havimfanyi mtu mjuzi wa mikataba ya madini. Lazima awe ameipitia mingi, hasa iliyoharibika, na sisi tunapenda mno vyeo kuliko mazoezi. Wengine watasema ubao uko wazi ilhali ardhi ya Ludewa imeficha siri zake. Mwamba umefichika, vifungu havikufichika. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo ya Taifa liliingia ubia na Sichuan Hongda ya China, hisa za asilimia 20 kwa 80, mradi wa dola bilioni 3. Miaka ikapita kwenye mabishano ya vivutio vya kodi na bei ya umeme, sheria mpya za madini za 2017 zikayakuta hapo hapo. Watakaotumwa safari hii wapewe kwanza faili la ubia huo, walipitie kifungu kwa kifungu, kama mchezaji anavyorudia mchezo aliofungwa.