Kabla ya Owen na Krapf: Merikebu ya Lancaster ilipotia nanga Unguja



Juzi baada ya sala ya Isha palizuka ubishi barazani petu. Ni Mwingereza gani wa kwanza kufika pwani hii? Mzee mmoja akasema Krapf. Akakumbushwa kwamba Krapf, ingawa alitumwa na wamishonari wa London, alikuwa Mjerumani. Mwengine akamtaja Kapteni Owen wa mwaka 1824, zama za Mazrui. Kijana aliyekuwa na simu akaja na Livingstone, naye ni Mskoti. Mimi nikawaambia warudi nyuma zaidi ya miaka 230 kabla ya Owen, wamtafute mtu anayeitwa James Lancaster. Hakuna aliyemjua. Sikuwalaumu, kwa sababu shuleni tulikaririshwa Vasco da Gama mpaka tukachoka, lakini huyu hatukuambiwa.

Lancaster alizaliwa Basingstoke, kusini mwa Uingereza, karibu mwaka 1554. Ujana wake aliutumia Ureno, akifanya biashara na hata kubeba silaha upande wao. Baadaye Ureno ikaingia chini ya mfalme wa Uhispania, na Uhispania ikapigana na Uingereza. Basi Lancaster akageuka kupambana na wale wale aliokula nao. Mwaka 1588, Wahispania walipopeleka kundi lao kubwa la manowari kuivamia Uingereza, yeye alikuwa nahodha wa merikebu iitwayo Edward Bonaventure.

Vita vile viliwapa Waingereza ujasiri. Wafanyabiashara wa London walikuwa wamechoka kununua pilipili manga kwa bei ya watu wengine, wakaona kwa nini wasiifuate kwenye asili yake, kwa njia ile ile ya Wareno ya kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika. Tarehe 10 Aprili 1591 merikebu tatu zikang'oa nanga Plymouth: Penelope, Merchant Royal na Edward Bonaventure ya Lancaster.

Safari ilikuwa ya mikosi tangu mwanzo. Walipofika kwenye ghuba ambayo leo ina mji wa Cape Town, mabaharia wengi walikuwa hoi kwa kiseyeye. Merchant Royal ikarudishwa kwao na wagonjwa. Waliobaki katika merikebu mbili walikuwa 198. Mbele kidogo, tufani ikawatenganisha, na Penelope haikuonekana tena. Siku chache baadaye radi ikaipiga Edward, ikaua watu wanne papo hapo. Kisha wakafika Ngazidja kutafuta maji. Mwanzo walipokewa vizuri, hata mfalme wa pale akapanda merikebuni na joho lake jekundu la hariri. Lakini walipozoea kushuka ufukweni, wenyeji waliwashambulia na kuua watu wapatao 30, huku wenzao merikebuni wakitazama bila ya kuweza kufanya lolote, kwani mashua yao ilikuwa pwani. Kwa nini Wangazija walifanya hivyo? Aliyesimulia safari hii ni Edmund Barker, msaidizi wa Lancaster, na simulizi yake ikachapishwa na Richard Hakluyt huko London. Upande wa Ngazidja haukupata mtu wa kuuandikia.

Novemba 1591 Edward ikatia nanga Unguja. Kwa hesabu yetu ulikuwa mwaka 1000 Hijria. Wareno walikuwa na kituo cha biashara pale, na walipoona wageni wakaanza kuwatia wenyeji hofu kwamba Waingereza ni watu makatili wanaokula watu. (Propaganda haikuanza na WhatsApp.) Hata hivyo wenyeji, ambao Barker anawaita "Wamoro" kama Wazungu wa siku zile walivyowaita Waislamu wote, waliwaletea nazi, matunda, kuku na ng'ombe. Waingereza wenyewe walivua samaki kwa nyavu mpaka wakakifu. Barker anaisifu bandari na maji yake, na anashauri kila merikebu ya Kiingereza itakayopita baadaye iitafute. Walipata pia shehena ya gundi ya kijivu na nyeupe inayofanana na ubani, wakaiyeyusha na kuichanganya na mafuta ili kuitumia mahali pa lami. Mtu wa Pwani akisoma hapo atasema ni sandarusi, na mimi nasema hivyo hivyo.

Tabibu wao alipigwa na jua akienda kutafuta ng'ombe, akafa.

Sasa nakuomba usimame hapa kidogo, kwa sababu katika kituo hiki kuna visa viwili ambavyo vitabu vinavyomsifu Lancaster huvipita mbio. Cha kwanza: Waingereza walikamata chombo cha wenyeji, na ndani yake mlikuwa na Sharifu. Barker ameliandika neno lenyewe, kwa tahajia yake. Anasema walimtendea kwa adabu. Mfalme wa pale, kwa vile masharifu walikuwa na heshima kubwa kwake, akawapa chakula cha miezi miwili ili aachiliwe. Barker anaieleza habari hii kama wema uliolipwa kwa wema. Lakini mtu aliyekamatwa baharini akarudishwa kwa chakula cha miezi miwili, kwetu sisi ametekwa na akakombolewa, hata kama alipewa mto wa kuegemea.

Cha pili kilitokea siku sita kabla ya kuondoka. Mkuu wa kituo cha Wareno alimwandikia Lancaster barua ya kirafiki, akiomba mtungi wa mvinyo, mtungi wa mafuta na ratili mbili tatu za baruti. Barua ililetwa kwa mtumbwi na watu wawili: mtumishi wake mweusi, ambaye huenda alikuwa mtumwa, na Mwislamu mmoja wa pale. Lancaster alitoa vyote vilivyoombwa, akampa yule Mwislamu avipeleke. Mtumishi akamzuia merikebuni. Sababu imeandikwa wazi: walisikia amewahi kufika India na anazijua nchi za huko kidogo. Na kweli alikuwa na habari, kwani kwake walipata kujua kuhusu chombo kilichotoka Goa na shehena ya pilipili.

Kila taifa lina desturi yake juu ya mjumbe, na hata Waingereza wa wakati ule walijua kwamba mjumbe hashikwi.  Jina la mtu huyu halikuandikwa.

Tarehe 15 Februari 1592 wakatweka kuelekea India. Msomaji wa Lamu au Mombasa ameshatikisa kichwa: Februari, kaskazi bado inavuma! Vyombo vyetu vilivyokwenda India vilingoja kusi. Ndivyo ilivyokuwa, upepo wa kaskazi mashariki uliwabana, mikondo ikawasukuma kando ya pwani ya Malindi hadi wakakaribia Sokotra, na ilikuwa Mei walipoizunguka ncha ya kusini ya India. Walikuwa na mtu aliyefika India ndani ya merikebu. Kama walimuuliza habari za misimu, haikuandikwa.

Mengine nitayapita haraka. Walifika visiwa vya karibu na Penang, wengi wakafa, wakawinda merikebu za Wareno na kuzipora, kwa sababu tusisahau kwamba biashara na uharamia kwao zilikuwa kazi moja. Wakati wa kurudi, merikebu yenyewe iliwaponyoka katika visiwa vya Karibi, Lancaster akabaki nchi kavu na wachache, mpaka Wafaransa wakamchukua. Alifika kwao Mei 1594. Walionusurika walikuwa wapatao 25 tu.

Kwa hesabu ya duka, hiyo ni hasara tupu. Lakini London waliona njia inapitika. Tarehe 31 Desemba 1600 Malkia Elizabeth alitia saini hati ya Kampuni ya Mashariki ya India, na safari yake ya kwanza, ya merikebu nne, ikakabidhiwa Lancaster. Wakati huu alikuwa amejifunza. Katika merikebu yake, Red Dragon, alichukua chupa za maji ya limau, akawapa mabaharia wake vijiko vitatu kila asubuhi kabla ya kula. Walipofika ncha ya kusini ya Afrika, merikebu nyingine tatu zilikuwa zimejaa wagonjwa wa kiseyeye na watu wake ndio waliokwenda kuwasaidia. Ajabu ni kwamba jambo hili lililojaribiwa mbele ya macho ya mamia lilisahauliwa. Jeshi la majini la Uingereza halikuanza kuwapa mabaharia wake wote limau mpaka mwaka 1795. Maelfu walikufa kwa kukosa kitu ambacho kila jiko la Pwani halikosi.

Huko Aceh, Sumatra, Sultani alimpokea kwa tembo na karamu, akampa ruhusa ya kufanya biashara bila ya kutozwa ushuru. Alirudi Uingereza Septemba 1603 na merikebu zote nne zikarejea na zaidi ya ratili milioni moja ya pilipili. Mfalme James akampa cheo cha Sir.

Kampuni ile ndiyo iliyokuja kutawala India. Kutoka Bombay mkono wake ulifika huku: mwaka 1841 Kapteni Hamerton alikaa Unguja, kwa Seyyid Said, akiwa balozi wa Uingereza na wakala wa Kampuni kwa pamoja. Na mwaka 1888, Waingereza walipotaka kuishika pwani ya Kenya bila ya serikali yao kugharimika, walitumia dawa ile ile ya kampuni yenye hati ya malkia, ndiyo ile iliyofungua ofisi zake hapa Mombasa. Kuanzia pale hadithi tunaijua, tena wengine tuna vyeti vya mashamba vinavyotukumbusha.

Lancaster alikufa mwaka 1618. Miaka miwili kabla, baharia William Baffin aliupa jina lake mlango wa bahari kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali pa barafu ambapo Lancaster hakuwahi kufika.

Nilipoyasimulia haya barazani, yule mzee wa Krapf alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza jambo moja tu: Mreno, mvinyo wake aliupata?

Nikamwambia naam, alipelekewa, na mafuta na baruti. Mtumishi wake ndiye aliyebaki merikebuni.