Ua la Asklepia Katika Milimita Moja

Vilima vya Flint Hills katika jimbo la Kansas, Marekani, vimehifadhi sehemu kubwa ya mbuga za nyasi ndefu zilizosalia Amerika Kaskazini. Kati ya mbuga zote za aina hiyo za zamani, haijabaki hata asilimia 4. Nyingine karibu zote zimekuwa mashamba. Flint Hills ilinusurika kwa sababu udongo wake ni mwembamba juu ya mawe ya chokaa, plau ikashindwa. Kiangazi kinapoanza, asklepia (*Asclepias tuberosa*) huchanua humo vishada vya rangi ya chungwa. Wapigapicha wengi hurudi na picha ya rangi hiyo, wakaliacha jambo lenyewe.

Jambo lenyewe liko ndani ya ua. Petali zake 5 hukunjamana kuelekea chini, na juu yake husimama vikombe 5 vya mbochi. Kati ya kikombe na kikombe pana ufa. Chavua yake haipeperuki kama unga, maana imefungashwa katika vifuko viwiliviwili vya nta, vilivyoshikwa na kibanio cheusi kidogo mno. Nyuki akitua kunywa, mguu wake huteleza ufani, kibanio kikamnasa, naye akijinasua huondoka na vifuko vyote viwili. Mdudu asiye na nguvu hufia hapohapo.

Ili kuuonyesha ufa huo unahitaji lenzi ya makro, inayolifikisha ua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Kwa ukaribu huo, tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu inayotoka kali ina kina cha takriban milimita 1 tu. Ukilibana tundu hadi f/16 utapata kama milimita 2, lakini mwanga hutawanyika katika tundu dogo na picha nzima hupungua ukali. Kwa hiyo lazima uchague: petali au ufa? Asiyelijua ua hawezi kuchagua vizuri.

Ukishachagua, weka kamera kwenye tripodi, sensa iwe sambamba na ufa, na urekebishe fokasi kwa mkono. Fika alfajiri, kabla jua halijaamsha upepo, kwani ua likisogea nusu milimita tu umelikosa. Jua likiwa kali, lizibe kwa kitambaa cheupe chepesi ili vivuli vilainike.

Usikate nyasi za jirani ili kupata nafasi. Kabla ya kupiga magoti, chungulia upande wa chini wa majani: kipepeo wa monaki hutaga mayai huko, na viwavi wake hawali kitu kingine ila jamii ya asklepia.

Picha ya rangi ya chungwa ingeweza kupigwa kwenye kitalu chochote cha maua. Picha ya ufa, na nyuki mwenye vifuko mguuni, humweleza mtazamaji kwa nini ua na mdudu wanahitajiana, na kwa nini kipande kilichobaki cha mbuga kinastahili kulindwa pamoja na viumbe wake wote.