Kazi ni Yetu, Matunda ni ya Mola

Jioni moja, baada ya swala ya Alasiri, tulikaribishwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Sebuleni watoto wapatao 20 walikuwa wameketi juu ya mikeka, kila mmoja na juzuu yake mapajani, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja. Mwalimu wao, mama wa makamo, alikuwa akisikiliza kwa sikio la mtu aliyezoea: katikati ya sauti zote zile alimtambua aliyekosea, akamrudisha kwa upole hadi aya ikanyooka.

Watoto walipokwisha kwenda zao, alitumiminia kahawa, kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia.

“Wanangu,” alisema, “mimi nasomesha hapa mwaka wa 22 sasa. Mwanangu wa mwisho alihitimu juzuu zake juu ya mkeka huu huu. Leo haswali. Usiku hulala nje, na mchana yuko maskani na wenzake wa unga. Watu wasema mganga hajigangi. Niambieni, si bora nikifunge chuo hiki, niache kusomesha wana wa watu ilhali wangu amenishinda?”

Hatukumjibu papo hapo. Swali kama lile halijibiwi kwa haraka baina ya kikombe kimoja na kingine. Tulirudi nalo nyumbani, tukalizingatia, na kadiri tulivyolizingatia ndivyo tulivyobaini kuwa si lake peke yake. Ni swali la mama anayemwamsha binti yake kwa swala ya Alfajiri kila siku na kila siku akajibiwa kwa kuvutiwa shuka. Ni swali la mke anayemwombea mumewe kwa miaka bila ya kuona badiliko lolote. Ni swali la kila aliyeitwa na Mola wake kwa kazi ya kheri, akaitika, kisha akaangalia nyuma yake asione kitu. Kwa hivyo tumeona tulijibu hapa, mbele ya familia zetu zote.

Na tuanze na baba wa wote waliofanya kazi bila ya kuona matunda, Nabii Nuh, amani iwe juu yake. Qur'ani yatueleza katika Suratul Ankabut, aya ya 14, kwamba alikaa na watu wake miaka 1,000 kasoro 50. Na katika Surat Hud twaelezwa kuwa walioamini pamoja naye walikuwa wachache tu. Miaka 950 ya kuita, usiku na mchana, na wanaopanda jahazini ni wachache! Zaidi ya hayo, miongoni mwa waliobaki nje alikuwemo mwanawe wa kumzaa. Na mkewe naye ametajwa katika Surat Tahrim, pamoja na mke wa Nabii Lut, kuwa mfano wa waliokufuru wakiwa ndani ya nyumba za waja wema.

Lau kama watu wa mtaa wetu wangelikuwa majirani wa Nabii Nuh, bila shaka wangelisema yale yale: anahubiri watu ilhali wake mwenyewe wamemshinda. Lakini Mwenyezi Mungu hakumpima kwa kipimo hicho. Alimweka miongoni mwa Mitume wenye azma kubwa, na sura nzima ya Qur'ani yaitwa kwa jina lake. Naye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza kwamba alionyeshwa umma mbalimbali: akamwona Nabii ana kundi la watu, akamwona mwingine ana mtu mmoja au wawili, na akamwona Nabii ambaye hana hata mtu mmoja pamoja naye. Huyo aliyekuja peke yake hakuvuliwa unabii wake. Alikuwa Nabii kamili aliyefikisha alichotumwa.

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Mwenyezi Mungu ametutwika kufikisha, hakututwika kuongoa. Kufikisha ni kazi ya ulimi, mkono na mwenendo wetu. Kuongoa ni kazi ya Yule aliyeziumba nyoyo na ambaye zimo mikononi mwake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimpenda mno ami yake Abu Talib, aliyemlea na kumkinga, na alitamani hadi dakika ya mwisho ayatamke maneno ya imani. Hayakutamkwa. Na katika Suratul Qasas, aya ya 56, alielezwa kuwa si yeye amwongoaye ampendaye, bali Mwenyezi Mungu ndiye humwongoa amtakaye. Ikiwa mbora wa viumbe hakukabidhiwa ufunguo wa moyo wa ami yake, vipi mama ajihukumu kwa kuwa hakukabidhiwa ufunguo wa moyo wa mwanawe?

Hata hivyo, tusilifanye neno hili kuwa mto wa kulalia. Wako wanaosema “hidaya ni ya Mungu” nao hawakuinua hata kidole. Nabii Nuh hakuwa hivyo. Tukiisoma sura yake twamwona akimweleza Mola wake kwamba aliwaita watu usiku na akawaita mchana, akawaita hadharani na akawaita kwa siri. Yaani mlango mmoja ulipofungwa, alibisha mwingine. Uthabiti si kurudia jambo lile lile kwa sauti ile ile huku tukikasirika kwamba hatusikilizwi. Uthabiti ni kushikilia lengo na kuwa tayari kubadili njia. Mama aliyezoea kumkaripia mwanawe mbele ya wenzake na ajaribu kuzungumza naye faraghani. Baba aliyezoea kuamrisha na ajaribu kusikiliza.

Tusisahau pia jinsi alivyomwita mwanawe siku ya gharika. Hakumwita kwa jina la laana. Alimwita kwa neno la Kiarabu ambalo ndani yake mna mapenzi na udogo, kama vile mmoja wetu angesema “kijana changu”. Mawimbi yalikuwa yakipanda mfano wa milima, na bado ulimi wa baba ulikuwa mtamu. Mwana hakuitika, na wimbi likapita baina yao. Lakini baba hakuwa na la kujuta, kwani mlango wa jahazi haukufungwa na yeye.

Na sasa tuje kwa mama yetu, Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Yeye alikuwa wa kwanza kumwamini Mtume (S.A.W.). Alimtuliza usiku ule aliporejea kutoka pango la Hira akitetemeka. Alitoa mali yake, na mali yake ilikuwa nyingi, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Makka. Maquraishi walipowasusia Bani Hashim kwa takriban miaka 3, wasiwauzie wala wasioane nao, Bibi Khadija, aliyezoea neema, alikuwa miongoni mwa walioonja njaa ile. Muda mfupi baada ya masaibu hayo kuondoka, akafariki dunia, takriban miaka 3 kabla ya Hijra.

Tuzingatie aliondoka akiwa ameona nini. Siku aliyozikwa, masanamu yalikuwa bado yamesimama pembezoni mwa Al-Kaaba. Waislamu walikuwa wachache, wengine wamekimbilia Uhabeshi. Madina haijajulikana kuwa makimbilio. Msikiti wa Mtume haujajengwa. Adhana, ambayo sisi twaisikia mara 5 kila siku kutoka kila pembe ya mji, yeye hakuisikia hata mara moja, kwani iliamrishwa Madina baada ya yeye kufa. Makka ilifunguliwa mwaka wa 8 wa Hijra, naye keshalala kaburini miaka kadhaa.

Je, kazi yake ilikuwa bure? Katika hadithi sahihi twaelezwa kwamba Jibrili alimjia Mtume (S.A.W.) na salamu za kumpa Bibi Khadija, salamu kutoka kwa Mola wake, pamoja na bishara ya nyumba katika Pepo isiyo na makelele wala machofu. Bishara ile ilimjia angali hai, kabla ya ushindi wowote kuonekana duniani. Mwenyezi Mungu hakungoja Makka ifunguliwe ndipo amridhie. Alimridhia kwa alichokifanya.

Wala tusidhani kwamba mifano hii ni ya Mitume na zama zao pekee. Hapa hapa Mombasa aliishi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Aliwaona Waislamu wa Pwani wamerudi nyuma kwa elimu, akaamua kuwasemesha kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Alihimiza elimu, ya dini na ya dunia, na akakemea israfu katika sherehe na mila zisizo na msingi. Gazeti hilo halikudumu. Mambo mengi aliyoyakemea bado twayaona hadi leo. Alishika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1937 na akaendelea nao hadi alipofariki mwaka 1947.

Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, kazi ambayo umri haukumruhusu kuikamilisha. Sehemu ya Al-Fatiha na Al-Baqara ilichapishwa mwaka 1980, miaka 33 baada ya kifo chake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu na mwandishi kwa Kiswahili. Leo mama wa Pwani afunguapo kitabu cha dini kwa lugha yake, hulima katika shamba ambalo Sheikh Al-Amin alikuwa miongoni mwa walioanza kulisafisha. Yeye mwenyewe hakuliona likimea. Aliandika usiku wake, akaacha karatasi zake, akaenda zake kwa Mola.

Basi sisi tufanye nini? Twapenda kuwausia dada zetu na mama zetu mambo manne.

Kwanza, tuisahihishe nia kila uchao. Tujiulize: je, nikijua hakuna binadamu atakayenisifu, na kwamba sitayaona matunda, nitaendelea? Tukiona moyo wasita, tusiiache kazi. Tuitibu nia nayo kazi iendelee.

Pili, tushike kidogo kinachodumu. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Ukurasa mmoja wa Qur'ani kila siku, dua moja baada ya swala, neno moja jema kwa mwana aliyepotea. Na Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Mche ule hautazaa, wala hakuna atakayekula matunda yake. Hata hivyo ameamrishwa kupanda.

Tatu, dua zetu zisitufanye tuache sababu. Mwana aliyetekwa na unga ana maradhi pamoja na madhambi, na maradhi hutafutiwa tiba. Hapa Pwani viko vituo vya afya vinavyotoa dawa ya methadone na ushauri kwa wanaotaka kuacha. Kumpeleka huko si aibu kwa familia, na si upungufu wa tawakkul. Aibu ni kumficha mpaka siku ya kumtafutia sanda.

Nne, tusibebe peke yetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa na Bibi Khadija. Mama anayelia na atafute mwenzake wa kumsikiliza asiyetangaza siri. Nasi majirani tuzizuie ndimi zetu. Neno “mganga hajigangi” lawezatamkwa kwa sekunde moja, lakini lilitosha kumfanya mwalimu wa miaka 22 afikirie kuzima taa ya chuo chake.

Tulirudi kwa mwalimu yule wiki iliyofuata, tukamwambia haya kwa mukhtasari. Alisikiliza huku akikunja mikeka. Hakusema kwamba moyo wake umetua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Basi Bibi Khadija hakuisikia adhana?” Tukamwambia hakuisikia. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda jikoni.

Mwanawe hajarudi kwenye swala. Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa hadithi yenye mwisho mtamu. Lakini Alasiri ile tulipokuwa tukiaga, tuliona juu ya meza sahani ya wali imefunikwa kwa kawa, na mlango wa nyuma haukutiwa komeo. “Huenda akaja usiku,” alisema. Na kesho yake, saa ile ile, watoto walikuwa wameketi tena juu ya mikeka, na mwalimu yuko mahali pake akimrudisha aliyekosea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoe vijana wetu, awape subira wazazi wao, na atukubalie amali zetu, tuliyoyaona matunda yake na tusiyoyaona. Amin.