Homa ikirudi na macho ya manjano: Ini la mtoto linaposhindwa kufanya kazi zaidi ya mara moja

Mtoto akipata homa, kisha akaanza kutapika na macho yake kugeuka manjano, wengi husema ni malaria au homa ya ini. Mara nyingi huwa ni hivyo. Lakini kuna watoto wachache ambao hupona, hurudi kucheza na kula vizuri, kisha miezi michache baadaye wanaposhikwa na homa nyingine, hali ileile huwarudia. Kwa watoto hawa, chanzo kinaweza kuwa hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo.

Magonjwa haya ni nadra. Hata hivyo, wazazi na walezi wa Makina, sehemu nyingine za Kibera na Kawangware wanashauriwa kuyafahamu kwa sababu moja kuu: daktari anayemwona mtoto kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba hii ni mara ya pili au ya tatu, isipokuwa aambiwe.

Kazi ya ini

Ini huhifadhi sukari ambayo mwili hutumia mtoto anapokuwa hajala. Hutengeneza protini zinazosaidia damu kuganda, na huondoa sumu mwilini, ikiwemo amonia inayotokana na chakula cha protini. Ini likishindwa ghafla, mambo matatu hutokea kwa pamoja: sukari ya damu hushuka, damu huacha kuganda, na sumu hufika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto huyu anaweza kutoka damu puani, kulala usingizi usio wa kawaida, kupata degedege au kupoteza fahamu. Hii ni dharura, na saa chache zinaweza kuamua kama ataishi.

Sababu zinazochunguzwa kwanza

Wahudumu wa afya huanza na sababu zinazoonekana zaidi. Kuna virusi vya homa ya ini. Chanjo dhidi ya homa ya ini aina ya B imo ndani ya chanjo ya pentavalenti, ambayo watoto hupewa bila malipo wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Kuna malaria, hasa kwa mtoto aliyetoka mashambani katika maeneo ya Ziwa Victoria, Magharibi au Pwani. Mzazi akumbuke kutaja safari hiyo, kwa kuwa maambukizi ya malaria ndani ya Nairobi ni machache. Kuna selimundu, ambayo pia hugeuza macho kuwa manjano kwa sababu chembe nyekundu za damu huvunjika haraka.

Kuna pia sumu. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoota ukungu wenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317 nchini, wengi wao katika Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Dawa nazo zinaweza kuliumiza ini, zikiwemo za mitishamba na paracetamol iliyozidi kipimo.

Sababu hizi zote zikichunguzwa na zisipatikane, au tatizo likirudi, ndipo urithi hutazamwa kwa makini.

Jeni inayoshindwa na joto

Mnamo 2015, watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo kuhusu watoto ambao ini lao lilikuwa likishindwa kila walipopata homa. Kabla ya hapo, karibu nusu ya visa vya aina hiyo havikuwa na maelezo. Watafiti hao walipata hitilafu katika jeni inayoitwa NBAS kwa wagonjwa 11 kutoka familia 10.

Jeni ni maagizo ambayo seli hufuata kutengeneza protini. Protini ya NBAS husaidia kusafirisha mizigo ndani ya seli, kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa mtoto mwenye hitilafu hii, protini hiyo huwa chache na dhaifu. Mwili ukiwa na joto la kawaida, hutosha. Joto likipanda, huharibika, usafiri ndani ya seli hukwama, na seli za ini huanza kufa. Kwa kawaida dalili za ini hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya homa kuanza. Mtoto akivuka salama, ini hujijenga upya na vipimo hurudi kuwa vya kawaida. Hapo ndipo familia hudhani mambo yamekwisha.

Jeni nyingine, kama SCYL1 na RINT1, zinaweza kuleta hali inayofanana na hii. Yapo pia magonjwa mengine ya kurithi yanayoshambulia ini kwa njia tofauti. Baadhi ya watoto hawawezi kutumia sukari ya matunda, hivyo hutapika na kulegea wanapopewa juisi, asali au vyakula vyenye sukari. Wengine hawawezi kutumia sukari iliyo ndani ya maziwa, hata ya mama, na huugua siku chache tu baada ya kuzaliwa. Katika ugonjwa wa Wilson, shaba hujikusanya kwenye ini. Huonekana zaidi kwa watoto wakubwa na vijana, na hutibiwa kwa dawa. Kwa watoto wenye hitilafu ya jeni ya POLG, dawa ya kifafa inayoitwa valproate inaweza kuua ini. Kwa hivyo kujua jina la ugonjwa kuna faida: matibabu ya mmoja si ya mwingine.

Hakuna wa kulaumiwa

Mengi ya magonjwa haya hurithiwa kama selimundu inavyorithiwa. Baba ana nakala moja yenye hitilafu na nyingine nzuri. Mama vivyo hivyo. Wote wawili ni wazima na huenda wasijue kamwe. Mtoto huugua akipokea nakala mbovu kutoka kwa kila mmoja. Katika kila mimba, uwezekano huo ni asilimia 25.

Hii ina maana kwamba mama peke yake hawezi kuwa chanzo, na mtoto hakurogwa. Ina maana pia kwamba iwapo familia imewahi kupoteza mtoto baada ya homa na macho ya manjano, daktari aelezwe, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Wazazi wenye udugu wa damu, kama binamu, wana uwezekano mkubwa zaidi, lakini ugonjwa huu hupatikana pia kwa wazazi wasio na undugu wowote.

Mtoto apelekwe hospitali mara moja akiwa na:

- macho au ngozi ya manjano pamoja na homa au kutapika;
- mkojo mweusi kama chai ya strungi;
- damu puani, kwenye ufizi, au michubuko isiyo na sababu;
- usingizi mzito, kuchanganyikiwa au degedege;
- umanjano uliodumu zaidi ya wiki mbili tangu kuzaliwa, au kinyesi cheupe kwa mtoto mchanga.

Nyumbani kabla ya kufika kituoni

Homa isiachwe hadi asubuhi kwa mtoto ambaye ini lake limewahi kushindwa. Kwa mtoto huyo, kuishusha homa mapema ni sehemu ya matibabu, na familia inapaswa kuwa na mpango ulioandikwa na daktari wake.

Kwa watoto wengine wenye homa, kipimo cha paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa muda usiopungua saa 4 kati ya dozi, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Dawa nyingi za maji zina miligramu 120 katika mililita 5, kiasi kinachomtosha mtoto wa kilo 10. Dawa nyingi za mafua pia zina paracetamol ndani yake, hivyo zisichanganywe bila kumuuliza mfamasia. Aspirini haifai kwa watoto. Mtoto ambaye macho tayari ni ya manjano asipewe dawa za dukani wala mitishamba; apelekwe hospitali.

Mtoto anayeugua asikae na njaa. Aendelee kunyonya au apewe chakula kidogo kidogo. Akitapika kila kitu, atahitaji dripu ya glukosi hospitalini.

Kijitabu ndicho kumbukumbu

Familia nyingi hupitia duka la dawa leo, zahanati ya kibinafsi kesho na hospitali ya umma wiki ijayo. Kila mahali huandika ukurasa wake, na hakuna anayeona historia yote. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kibebwe kila mara. Mzazi aombe yaandikwe mambo manne: tarehe homa ilipoanza, siku macho yalipogeuka manjano, dawa zote alizopewa mtoto, na matokeo ya vipimo vya ini, sukari na kuganda kwa damu. Akifika kituoni aseme wazi: "Hii si mara ya kwanza."

Wakazi wa Kawangware wanaweza kuanzia Kituo cha Afya cha Riruta. Hospitali ya Mbagathi iko jirani na Kibera, na wagonjwa mahututi huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Vipimo vya jeni huagizwa na daktari bingwa, na mara nyingi sampuli hutumwa nje ya nchi. Matibabu ya dharura hayasubiri majibu hayo.

Gharama

Huduma za msingi katika vituo vya Level 2 na 3 vilivyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hazilipishwi kwa waliojisajili. Huduma za hospitali kubwa huhitaji mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#, na mzazi ahakikishe majina ya watoto wote yameongezwa. Aidha, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mzazi asiye na hakika amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake, ambaye anaweza kumsaidia kupata rufaa. Ikiwa mtoto tayari ana dalili zilizotajwa hapo juu, aende hospitali kwanza.