Ukiomba Mtaji, Usifiche Miezi Minne

Je, msomaji, una wazo la biashara lakini huna mtaji? Au huenda mwanao aliye chuoni amekuletea kurasa zenye picha na rangi za kupendeza, akitaka umwongezee pesa za kuanzisha kampuni? Kabla hujampongeza wala kumfukuza, hebu tutazame kinachomfanya mwenye pesa afungue mkoba.

Kwanza, fahamu kwamba mwenye pesa hana wakati. Mwaka 2015 kampuni ya DocSend ya Marekani ilichunguza maombi ya kampuni changa 200, ikagundua kuwa kwa wastani wawekezaji walizipitia kurasa zote kwa dakika 3 na sekunde 44. Chai haijachemka, nao wamemaliza! Miaka 10 kabla ya hapo, mwekezaji Guy Kawasaki alikuwa ameshauri kwamba slaidi zisizidi 10, maelezo yasizidi dakika 20, na herufi zisipungue saizi ya 30.

Lakini ufupi peke yake hautoshi. Chukua mfano wa Luanda Kotieno, ufuo wa Kaunti ya Siaya ambako feri huvuka kwenda Mbita. Huko akina mama huanika omena juani. Mvua ikinyesha, omena huharibika, na iliyopaswa kuliwa na watu huuzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha kuku. Tuseme mwanao anataka kujenga kikaushio cha omena chenye paa, kinachotumia joto la jua.

Wengi wangeanza hivi: "Mamilioni ya watu hula omena. Tukipata mmoja tu katika kila mia, tutatajirika." Maneno hayo mwenye pesa ameyasikia mpaka yamemchosha. Afadhali aandike alichokifanya: alijenga kikaushio kidogo, akina mama wanane wakalipa kukitumia kwa wiki sita, na sita kati yao wakarudi bila kuitwa. Aonyeshe pia kila gorogoro ilimgharimu shilingi ngapi na ikamletea ngapi. Idadi ni ndogo, lakini mteja anayerudi na pesa zake mkononi ni shahidi mzuri kuliko picha yoyote.

Sasa tufikie penyewe. Kwa kanuni za Kenya, uvuvi wa omena ziwani husitishwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaane. Yaani kwa miezi minne kikaushio kinaweza kukaa bure, huku mlinzi na mkopo vikidai. Mwombaji mwoga huruka jambo hili akitumaini halitaulizwa. Lakini mtu yeyote anayelijua ziwa ataliuliza mara moja, na baada ya hapo hataamini hata yale ya kweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aliandike mwenyewe, kisha atoe jibu: miezi hiyo atakausha mboga au matunda, na hesabu yake ni hii.

Usidhani kutaja hatari kutawatisha watu wote. Mwishoni mwa 2022, samaki wengi walikufa katika vizimba vya ufugaji kwenye Ghuba ya Winam baada ya oksijeni kupungua majini. Habari zilienea kote. Hata hivyo, Aprili 2023 Victory Farms, inayofuga ngege kwa vizimba katika Kaunti ya Homa Bay, ilitangaza kwamba imepata dola milioni 35 za wawekezaji. Hatari ilijulikana, na pesa zikaja.

Ikiwa mwombaji ni binti yako, mtayarishe zaidi. Utafiti wa Dana Kanze na wenzake, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba wanaume huulizwa zaidi watakavyokua, na wanawake watakavyojikinga na hasara. Walioulizwa la hasara wakajibu kwa kueleza ukuaji walipata pesa nyingi kuliko waliojitetea tu. Basi, akiulizwa, "Utawazuiaje wateja wasikukimbie?" ajibu kwa ufupi, kisha aongeze jinsi sita waliorudi watakavyokuwa sitini.

Mwisho, ombi liwe wazi: anataka shilingi ngapi, zitanunua nini, na baada ya miezi mingapi utaona nini. "Tusaidieni tukue" si ombi.

Wewe mzazi au mjomba ndiwe mwekezaji wa kwanza, na huenda pesa unazoombwa ndizo karo ya mdogo wake, au hati ya shamba. Mpe jirani kurasa hizo kwa dakika nne, kisha umwulize biashara ni gani, nani amekwisha kulipa, na nini kinaweza kuiangusha. Akishindwa kujibu hata moja, hati na ikae sandukuni kwanza, na kijana arudi ufuoni kwa akina mama akatafute jibu.