Mche wa chupani si mche uliochanjwa

Nikiona mkungu wa ndizi za Kisii hapa sokoni, huwaza mgomba ulioutoa. Kisii na Nyamira, kama kwetu Kwale na Kilifi, mkulima hapandi mbegu. Humwomba jirani chipukizi. Ni la bure, lakini huja na wageni: mabuu ya fukusi ndani ya tunguu na minyoo midogo mizizini. Maradhi ya jirani huwa yako.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, na wenzao wa KARI walianza kuwapelekea wakulima miche ya tishu kalcha. Ncha changa ya mgomba hukatwa, ikasafishwa, ikawekwa chupani juu ya uji mzito wa sukari na madini. Ikichipua hugawanywa tena na tena, hadi chipukizi moja lizae mamia. Kisha miche huzoeshwa jua na upepo kitaluni.

Hapa ndipo nilipokosea mimi na wengi: mche safi si mche uliochanjwa. Ukiupanda penye fukusi, utaliwa. Na mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 ukavuka hadi magharibi ya Kenya, huenezwa na panga na wadudu wa maua. Panga lipitishwe motoni kila mgomba, na ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda.

Tena mche huu hununuliwa. Mwenye robo eka Nyamira akishapiga hesabu, hurudi kwa jirani.