Kilo za Mama Mja Mzito

Kaeni vizuri, na mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: mizani, uzito, kondo. Leo tunasoma kadi ya kliniki ya mama mja mzito. Wengi wenu mnayo nyumbani, imefungwa katika mfuko wa nailoni. Wanaume nanyi sikilizeni, maana somo hili linaingia jikoni na shambani kwenu.

Katika kadi hiyo pana mahali pa uzito. Kila mama anapokwenda kliniki hupanda juu ya mizani, na muuguzi huandika kilo. Mwanamke aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya mimba hutazamiwa kuongeza kilo 11 na nusu hadi kilo 16 mpaka siku ya kujifungua. Aliyekuwa mwembamba sana huhitaji zaidi, kilo 12 na nusu hadi 18. Mnene huhitaji pungufu, kilo 7 hadi 11 na nusu. Na mnene sana kilo 5 hadi 9. Hesabu hizi zilitolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2009, na hutumika katika nchi nyingi.

Mtu atauliza: mtoto huzaliwa na kilo 3 tu, hizo nyingine zinakwenda wapi? Swali zuri. Kondo la nyuma na maji ya uzazi huchukua karibu kilo moja na nusu. Damu ya mama huongezeka, mji wa mimba hukua, matiti hujaa. Tena mwili huweka akiba ya mafuta, kama sisi tuwekavyo mahindi ghalani, ili mama apate nguvu ya kunyonyesha.

Miezi mitatu ya kwanza uzito huongezeka kidogo tu, na pengine hupungua kwa kutapika. Baadaye mama wa uzito wa kawaida huongeza kilo moja na nusu hadi 2 kila mwezi.

Sasa tuseme mama mmoja wa Lizaboni, mwenye mimba ya wiki 20, alipimwa akapata kilo 52. Wiki ya 24 akapata kilo 52 tena. Fanyeni hesabu: ameongeza nini? Hakuna. Muuguzi anaweza kumwambia, "Kula zaidi," kisha akaita mwingine. Maneno hayo hayajazi sufuria. Muuguzi aliyefundishwa kunasihi huuliza kwanza.

"Mama, jana ulikula nini tangu kuamka?"

"Asubuhi chai ya rangi, sista. Mchana nilikuwa shamba, nikala kiazi. Jioni ugali na majani ya maboga."

"Kuku mnao?"

"Tunao, lakini mama mkwe anasema nikila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Tena mtoto akiwa mkubwa, kuzaa ni taabu."

"Na karanga?"

"Karanga zipo."

"Basi katika hayo yote, lipi unaweza kulibadili wiki hii?"

"Nitatwanga karanga nitie katika mboga. Na shamba nitachukua uji wa karanga."

Muuguzi huandika ahadi hiyo, na safari ijayo mazungumzo huanzia hapo. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua, naye ajua karanga zake zipo wapi. Habari ya mayai na nywele si kweli, lakini muuguzi hamcheki mama mkwe. Humwomba aje kliniki siku nyingine. Hofu ya mtoto mkubwa ina ukweli kidogo kwa mama anenepaye kupita kiasi. Kwa mama ambaye kilo hazisogei, haina. Kujinyima kutamdhoofisha, na mtoto aliyezaliwa mdogo mno yumo hatarini zaidi.

Mwaka 2012 nchi yetu ilianzisha mpango wa Wazazi Nipendeni, uliopeleka ujumbe wa bure katika simu za wajawazito. Ulikuwa mpango mzuri, ila ujumbe wa simu hauwezi kuuliza kama kuku mnao.

Jambo hili linatuhusu sana hapa Songea. Mkoa wa Ruvuma huvuna mahindi mengi kuliko mikoa mingi. Hata hivyo, katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022, zaidi ya watoto 35 katika kila 100 wa Ruvuma, wenye umri chini ya miaka 5, walikutwa wamedumaa. Kudumaa huweza kuanza tumboni. Ugali tunao, kinachopungua ni kitoweo. Dagaa wa Ziwa Nyasa wanauzwa sokoni, maharage tunalima, lakini nyumba nyingi sahani ya baba hutangulia, na mama hufuta sufuria. Mimi naona hapo ndipo penye kazi.

Tena kuna palizi. Mwezi wa Januari mama hupalilia, huchota maji, hubeba kuni. Chakula chake chote huishia katika jembe. Mume akichukua ndoo na kuni, ameongeza kilo kwa mkewe.

Angalieni jambo moja. Kilo zikipanda ghafula, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma, macho yakaona ukungu, hiyo si shibe. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Mama apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Kazi ya darasa: chukueni kadi. Toeni uzito wa safari iliyopita katika uzito wa safari hii. Andikeni jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Mwanamume ambaye mkewe ana mimba aisome kadi pamoja naye usiku wa leo, na kesho amweleze mwalimu ni chakula gani wamechagua. Kwaherini.